Kaviha Asije Harusini

Frere Town, Kisauni
Tarehe 12 Julai, 1948

Kwa mlamu wangu, Bwana Justus Thoya, Rabai.

Salamu nyingi zikufikie wewe na mkeo Philister na nyumba nzima. Anayekuandikia ni mimi Gershom Mwarandu, mume wa dada yako Kaviha, umri wangu miaka sabini na mmoja, na wa kubisha juu ya hesabu hiyo wote wamekwisha kufa. Nimeipita njaa ya Magunia nikiwa kijana. Nimeipita ndui. Nimebeba mizigo ya vita vya Wajerumani mpaka Rufiji nikarudi kwa miguu yangu miwili, wakati wenzangu wenye vifua vipana waliachwa njiani. Nimeipita homa ya mwaka wa kumi na nane, ile iliyochukua watoto wetu wote wawili kwa juma moja, mimi na Kaviha tukabaki tunatazamana. Wafalme watatu wa Kiingereza wameondoka mimi nipo, na meno yangu ni yangu. Nakuambia haya ujue kwamba mtu huyu hatishiki ovyo, na leo anaogopa.

Goti lako vipi? Usilikalie kwenye sakafu ya saruji, nimekuambia mara nyingi, nawe hunisikii kwa sababu umesoma kunishinda. Na binti yako Nyamvula, mwali wetu, hajambo? Mwambie kitanda chake cha harusi kimefika pazuri. Mifumbati ya ubavuni ni mvule mtupu, matendegu ya miguu nimeyachonga kwa mkono, na nalimwonyesha Mhindi mmoja mwenye duka la samani akazunguka mara tatu kutafuta msumari hakuuona. Sisi huku tu wazima kwa jumla, na neno hilo kwa jumla ndilo lililonikalisha chini siku nne na penseli yangu ya seremala. Unajua mimi kitabu niliishia cha pili. Herufi zangu ni kubwa, lakini zimenyooka.

Neno lenyewe nalisema mbele, usije ukachoka kabla hujalifikia. Kaviha asije harusini. Na wa kumzuia si mimi, nimejaribu nimeshindwa. Wewe ndiwe uliyemwita, wewe ni kaka yake, neno lako atalishika. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti na leo ni Jumatatu, hazijabaki hata wiki nne, kwa hiyo usiiweke barua hii chini ya mto ukasema utaijibu.

Najua utakavyosema ukifika hapa. Utasema Gershom amerukwa na akili, mwali gani wa kwetu anatoka nyumbani kwa baba yake kabla shangazi hajamhasa, yaani hajampulizia maji ya kinywa chake kifuani na kumtamkia heri. Hata padre analijua jambo hilo, na saa ya maji ikifika huenda kuitazama baiskeli yake. Shangazi wa Nyamvula ni mmoja tu, hana badala. Yote nayajua, mlamu. Kama ningekuwa na njia nyingine nisingekuandikia.

Nalitaka kukuandikia kwamba barabara ni mbovu, na ni mbovu kweli, lori la juzi lilikwama mahali pamoja tangu asubuhi mpaka alasiri. Kisha nikakumbuka kwamba Kaviha amepita barabara mbaya kuliko hiyo akiwa na mzigo kichwani. Basi nikaona heri nianze mwanzo, nawe uvumilie.

Unakumbuka mwaka wa arobaini na sita, karibu na Krismasi, alipotokwa na mkanda wa jeshi. Wewe mwenyewe ulikuja kumtazama. Malengelenge yalianzia kwenye uti wa mgongo yakazunguka ubavu wa kulia mpaka chini ya titi, kama mtu aliyepigwa na ukanda wa moto. Ulipoondoka yalikuwa yamekauka, ukasema Mungu mkubwa, nami nikaitikia. Kumbe yaliyokauka ni ya juu. Maumivu yalibaki ndani, peke yao, bila kidonda, bila alama mtu anayoweza kukuonyesha. Yeye alisema ni kama kuna mtu amesahau pasi ya makaa ndani ya mbavu zake. Leso ikimgusa hapo, anaruka. Upepo wa bahari ukipita dirishani, anaruka. Nywele zake mwenyewe zikianguka wakati wa kuchana, anaruka. Mimi mwanzoni nalidhani anadeka, na nalimwambia hivyo, na hilo pia liandike katika makosa yangu.

Nalimpeleka dispensari. Kuna dresa pale anaitwa Musyoka, Mkamba, mtu wa taratibu, Kiswahili chake cha bara lakini moyo wake mweupe. Alimtazama Kaviha bila kumgusa, jambo lililonishangaza, kisha akanivuta pembeni. Alisema, mzee, ngozi imepona, mshipa wa fahamu ndio umeungua, na mshipa huo hauna haraka na mtu. Unaweza kutulia kwa miezi, unaweza kutulia kwa miaka, unaweza kukataa. Akampa asprini. Akasema hii si ya kuponya kesho, ni ya kukaa nayo, na wewe ndiye utakayeshika upande wa pili wa mzigo. Nalikasirika sana. Nalimwuliza kama mimi naonekana mtu wa kukaa na kitu kibovu. Mlango ukipinda nauondoa, napiga randa, narudisha. Musyoka akanambia mke si mlango. Nikaenda zangu.

Lakini nalishika upande wa pili wa mzigo, na hilo nitalisema kwa sauti mbele ya mtu yeyote. Kwanza nalishughulikia kitanda. Nalikata fito za mkoko, nikazilowesha siku mbili, nikazikunja matao matano kama ya mlango wa kanisa, nikayachomeka kwenye mifumbati huku na huku. Shuka ikapita juu ya matao isimguse popote, naye akalala chini yake kama aliye ndani ya hema. Hakuna seremala wa Kisauni wala wa Mombasa kisiwani aliyepata kuunda kitu kama hicho, na atakayekuambia amekiona kwingine ni mwongo.

Kisha uani. Leso alikuwa haiwezi upande wa kulia, huifunga juu ya bega la kushoto ubavu ukabaki wazi, na mwanamke wa heshima hawezi kukaa hivyo watu wakipita kwenda kisimani. Nalisimamisha ua wa makuti, mrefu kunipita kichwa, kwa siku mbili, peke yangu. Watu wakasema Gershom amesilimu, amemtia mke utawani. Mwalimu Karisa, yule katekista wetu, alikuja kuniuliza kwa upole kama kuna neno nataka kumwambia. Nalimwambia nataka asogee, amesimama kwenye kipimo changu.

Kazi za ndani nazo zikanijia. Moto wa jiko alikuwa hauwezi, basi nikachota maji, nikafua, nikasonga sima. Nalikalia mbuzi nikakuna nazi, mlamu, mimi niliyepaua nyumba za wazungu. Jirani yetu Kafedha, yule mjane ambaye mdomo wake hauna komeo, aliniona kwenye tundu la makuti akaniita, fundi, ukimaliza hapo upite na kwangu unisuke nywele. Nikamjibu nywele zenyewe ziko wapi. Akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake alileta mchicha umekwisha kuchambuliwa, akasema ameona jinsi ninavyouchambua, napiga randa.

Jambo kubwa kuliko yote nalilijua kwa bahati, ijapokuwa watu nimewaambia nalilijua kwa akili. Siku moja Kaviha aliteleza pale mlangoni, nikamdaka kwa mkono wote, kiganja kikaangukia pale pale penye moto. Nalifumba macho nikangoja kelele. Kimya. Kisha nikamsikia ananiambia, usitoe, bonyeza. Unyoya wa kuku ukimgusa hulia, na kiganja cha seremala kikimlalia kwa uzito wake wote hupumua. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, na adhuhuri jua likiwa kali, nakaa nyuma yake kwenye kibao nabonyeza mpaka mkono wangu ufe ganzi, ndipo nabadili. Katikati namwekea kitambaa kilicholowa maji ya mtungi. Na huku nabonyeza namsimulia habari za zamani, na nimegundua kwamba hutulia zaidi nikitia chumvi, kwa sababu hapo hunirekebisha, akasahau ubavu. Nalimfundisha Musyoka habari ya kiganja, akaiandika katika daftari lake.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini mimi nilitaka kupiga randa.

Mwezi wa Agosti mwaka jana nalichemsha mafuta ya nazi na pilipili kichaa na karafuu, nikatia kafuri, nikampaka Jumamosi asubuhi. Alilia, nami nikatoka nje. Kisha ubavu ukafa ganzi. Alasiri alikuwa amejifunga leso zote mbili anafagia uwanja. Alikula sahani mbili za wali. Alicheka, sikumbuki kwa nini, nadhani ni paka. Nalikuwa sijaona kicheko chake tangu alipougua, na nakuambia kweli, nalijiona nimeiumba dunia.

Jumapili, Mwalimu Karisa aliuliza kama kuna mwenye shukrani. Nalisimama. Nalisema, na maneno nayakumbuka moja moja, kwamba serikali imeshindwa na dispensari imeshindwa, na Mungu akatafuta mkono akauona huu. Nikauinua. Nikamwambia Kaviha asimame watu wamwone, akasimama. Kanisa zima likapiga makofi, Mwalimu Karisa akaanzisha wimbo. Alasiri ile nalikuandikia wewe ile barua fupi, nawe ukachinja kwa furaha, na habari za furaha yako zikarudi huku zikasomwa mbele ya watu wote. Watu wakaja na chupa kuomba mafuta. Mmoja alipaka jino, simsemi jina.

Jumatatu asubuhi maumivu yalirudi, na hayakurudi peke yake, yalirudi na ndugu zake. Ngozi nayo ilikuwa imebabuka kwa pilipili. Mafuta yale sijampaka tena.

Sasa sikia anavyoishi tangu hapo. Kila Jumapili dada yako huvaa gauni la kanisa, lile la mikono mirefu. Amelifua bila wanga mpaka limelegea kama kitambaa cha kuchujia tui, lakini gauni ni gauni. Njiani hutembea ameinua kidogo mkono wa kulia, kama mwenye kitabu kwapani. Baada ya ibada kina mama humkumbatia, maana yeye ndiye muujiza wao, na yeye huwachekea na kuwauliza habari za watoto. Tukifika nyumbani huingia uani, namfungua, nabonyeza, na hasemi neno mpaka chungu kichemke. Jumatatu yote hulala chini ya matao. Jumanne huanza kula. Ukimwuliza kwa nini anajitesa atakuambia mume wake akichekwa, yeye ndiye aliyechekwa.

Barua yako ya harusi ilipofika mwezi wa tano, alifurahi kama msichana. Kisha akaanza mazoezi. Hujifunga leso pande zote mbili, akazikaza, akakalia gunia la nazi na kujitikisa, ati hilo ndilo lori la Rabai. Siku ya kwanza alivumilia mpaka maji yakachemka. Wiki ya pili mpaka maharage yakaiva nusu. Nalimwambia aache, akasema kwani wapiga ngoma hawazijaribu ngoma zao kabla ya harusi. Nikamwambia si lazima aende. Akanitazama. Akasema, mtu aliyeponywa na mume wake mbele ya kanisa zima atakosaje harusi ya mtoto wa kaka yake, watu watauliza nini?

Alhamisi iliyopita nalikuwa kwenye kibanda changu cha kazi nakipiga randa kitanda cha Nyamvula, nikasikia Kafedha ananiita kwa jina langu tupu, Gershom, bila fundi. Nalikimbia. Kaviha alikuwa ameanguka karibu na mafiga, leso imefungwa fundo mara mbili. Kafedha alikuwa amelikata lile fundo kwa kisu cha jikoni na ubavu ameuona. Nalipiga magoti nikaweka kiganja, nikabonyeza, na Kaviha alipofumbua macho aliuliza maharage yameiva?

Musyoka alikuja kwa baiskeli. Alishika mkono wa Kaviha muda mrefu, akaniuliza anakula nini, analala vipi. Nje akanambia moyo wake unakimbia kama kuku aliyeona mwewe, na mwili umekonda kwa kukosa chakula na usingizi. Alisema maumivu peke yake hayamuui mtu upesi, lakini mtu anayeyaficha hujiua polepole, na mama huyu akipanda lori lile, mzee, mtamrudisha kwa machela. Kisha akaishika baiskeli yake, akasema, au hamtamrudisha.

Kafedha alibaki. Alikaa nje ya mlango hana mzaha hata mmoja, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya dresa. Aliniuliza, Gershom, mwanamke huyu nani alimwambia avae? Nikamjibu Kaviha ni mkaidi, ukoo wa kina Thoya wote ni wakaidi. Akanitazama, akajifunga leso yake, akaenda kwake.

Mlamu, nalikuwa nikuandikie wewe jibu lile lile nililompa Kafedha. Ijumaa nimeliandika, nikalikwangua kwa kisu. Jumamosi nimeliandika tena. Karatasi ilitoboka, ndiyo maana unaona ukurasa huu nimeuanza upya.

Kaviha hakuamua mwenyewe kuvaa. Ile Jumatatu ya kwanza, maumivu yaliporudi, aliniambia alfajiri. Akasema, nenda tu ukawaambie, Gershom, waambie nilipata nafuu ya siku moja, hata siku moja ni shukrani. Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba ni mimi ninayeumwa. Nami nikamwambia angoje. Saa nne nalikuwa kisimani nikasikia kina mama wa kanisa wanakuja, sita, wanaimba, wanaleta unga na kuku wa pongezi. Naliacha ndoo palepale. Nikaingia uani, nikamkuta na leso yake begani, ubavu wazi umebabuka, nikamwambia vaa. Akasema hawezi. Nikalichukua gauni mimi. Nikalipitisha kichwani mwake mimi. Mikono hii inayoujua ubavu ule kuliko inavyoujua msumeno ndiyo iliyomfunga vifungo, vifungo saba, na nalikuwa nafunga haraka kwa sababu wimbo ulikuwa unakaribia. Hakulia. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Nikamwambia, leo tu.

Ikawa leo tu ya kila Jumapili, miezi kumi na moja. Nami pale nje ya kanisa nalikuwa nasimama napokea mikono ya watu, namwona wanavyomkumbatia, naona anavyofinya midomo, nami naendelea kueleza habari za karafuu.

Usidhani sijajaribu kurudi nyuma. Wakati wa Pasaka nalimwambia basi, nitasimama niwaambie ukweli. Nalifikiri atashukuru. Kaviha aliweka chini ungo akasema, ukisimama nami nitasimama nyuma yako, nitawaambia umezeeka akili, na tuone watamwamini nani. Nikamwuliza kwa nini. Akasema heshima yako nimeibeba kwa ubavu huu miezi yote hii, ukiitupa leo, mimi nilikuwa nabeba nini? Nimelizunguka neno hilo pande zote, mlamu. Ukaidi huu si wa ukoo wenu. Nalimfundisha mimi.

Jana baada ya ibada nalimfuata Mwalimu Karisa nyumbani kwake nikamwambia yote, mpaka vifungo. Nalitaka anikemee, na ningempa majibu. Hakunikemea. Alisema kanisa lina subira, ubavu hauna, anza na kaka yake. Yeye anakuja Rabai Jumatano kwa mkutano wa makatekista, ndiye atakayekupa barua hii mkononi.

Basi ninaloomba ni hili. Mlete Nyamvula huku. Mlete wiki moja kabla ya harusi, na mkeo Philister, na wale wanawake wawili watatu ambao hawakosekani, wasizidi. Kaviha amhase ndani ya ua wangu, amekaa kwenye kibao, leso yake juu ya bega la kushoto, asivae kitu kwa ajili ya mtu. Najua ni kinyume. Mwali hapelekwi kwa shangazi, shangazi ndiye huja, na wazee watauliza. Waambie ni mimi niliyeng'ang'ania. Waambie Gershom anataka kitanda chake kitazamwe na bibi harusi mwenyewe kabla hakijapanda lori, la sivyo hakitoi. Wakasirike, waseme mzee yule ana kiburi. Watakuamini upesi, wananijua.

Na yeye mwandikie barua ya peke yake, Mwalimu Karisa atamsomea. Andika kwamba ni Nyamvula anayetaka kuja, kwamba baraka ya shangazi anaitaka katika utulivu, mbali na makelele. Usitaje ubavu. Usitaje kwamba nimekuandikia. Akihisi tu kwamba ametetewa, atapanda lori hilo kabla ya mizigo.

Mkifika, msimkumbatie. Waonye wanawake mapema. Mwali asimwegemee kifuani ijapokuwa ndivyo ifanywavyo, ashike mikono yake tu. Na wewe ukitaka kumsalimu dada yako, na ninajua utataka, weka kiganja chote pale ubavuni, kizito, ukitulize. Usiguseguse. Atashtuka kwamba umejua, lakini kwa wakati huo atakuwa anapumua, na mtu anayepumua hagombi sana.

Harusi ikipita, nitasimama kanisani. Naye akisimama nyuma yangu aseme nimezeeka akili, na aseme. Tutasimama wote wawili watu wachague. Linalonitia hofu si hilo. Linalonitia hofu ni kwamba jibu lako litachelewa, na yeye leo asubuhi, siku nne tu tangu aanguke, amekwisha kuliuliza lile gunia la nazi liko wapi. Nimelificha kwa Kafedha.

Naandika naye yuko hapa karibu, kitambaa cha maji ubavuni. Anadhani naandika vipimo vya kitanda. Ameniuliza mara mbili kitanda gani kina maneno mengi hivi.

Nisalimie Philister, umwambie asihofu, kuku wa wageni ninao. Nisalimie Nyamvula na huyo kijana anayemchukua, ajue kwamba kitanda kitadumu kumshinda. Nisalimie wazee wa Rabai wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Kaviha angekusalimu kama angejua. Mungu akulinde na akuharakishe.

Ni mimi mlamu wako,
Gershom Mwarandu, seremala.

Na kwa kuwa barua yangu ya mwaka jana ilikuwa ya uongo, una haki ya kuitilia shaka na hii. Usiniamini mimi, waulize wenye kujua. Yuko Kafedha, mjane, nyumba ya pili kutoka kisimani, aliyelikata fundo. Yuko dresa Musyoka wa dispensari, aliyeshika mkono wake akausikia moyo. Yuko Mwalimu Karisa, aliyesimama mbele yako sasa hivi. Kaviha usimwulize. Atakuambia amepona.